Popo wa Pemba anavuka mpaka Pangani? Nimemuona kwa macho yangu

#1 Mpangani74
Wakuu, habari za usiku.

Nipo Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Uani kwa mzee kuna mti mkubwa wa mkungu na kila msimu popo huja kula kungu. Tumeshazoea. Usiku kucha kokwa zinadondoka juu ya bati, ko, ko, mgeni akilala kwetu anadhani kuna mtu anarusha mawe.

Juzi Jumamosi, kama saa tano usiku, tawi likanesa kama limepandwa na mtoto. Nikatoka na tochi. Aliyekuwa pale si popo ninayemjua mimi. Manyoya rangi ya kutu, mabawa meusi tii, uso kama wa mtoto wa mbwa, na taa wala haikumshtua. Alipoamua kuondoka alikunjua mabawa usawa wa kamba ya nguo, na khanga ya mama ilikuwa imeanikwa pale. Wallahi bawa kwa bawa alitoshana na ile khanga.

Mwaka 2016 nilifika Kidike, popo wa Pemba nikawaona. Huyu ni yuleyule. Sasa swali: anavuka kuja bara? Maana kila ninapouliza naambiwa hapatikani popote duniani ila Pemba.

Picha sina. Simu ilikuwa kwenye chaji.

#2 Popote_Nipo
Ajabu zote za dunia hutokea simu ikiwa kwenye chaji.

Huyo ni Popobawa. Mwaka 1995 alivyowasumbua Wazanzibari mpaka watu wakalala nje, naye hakuna aliyempiga picha. Maisha yamepanda visiwani, kaja bara kujitafutia. Nimekaa paleee na karanga zangu.

#3 Daktari_wa_Mende
Mleta mada, usinichukie. Nimesoma wanyamapori (mende ni mapenzi tu), na hii kesi naijua inavyoishaga.

Popo wa Pemba ni Pteropus voeltzkowi. Ukoo wake wa Pteropus umejaa Asia, Australia, visiwa vya Pasifiki na visiwa vya Bahari ya Hindi. Bara la Afrika hakuna hata mmoja anayeishi. Akipatikana Bweni hiyo ni habari ya kwenda kwenye majarida.

Uliyemuona, kwa uwezekano mkubwa, ni Eidolon helvum, popo mkubwa wa matunda wa bara, yule anayejaa kwenye miti ya miji yetu. Mabawa yake yakikunjuliwa ni kama sentimita 75 au zaidi kidogo. Dume huwa na shingo ya rangi ya chungwa iliyoiva, ukimpiga tochi ya njano usiku utaapa kwamba ni mwekundu mwili mzima. Na popo wote wakubwa wa matunda wana sura ya mbwa, hiyo haisaidii.

Swali moja tu: alikuwa na mkia? Eidolon ana kijimkia kifupi kama ncha ya kidole. Wa Pemba hana kabisa.

#4 Mpangani74
Daktari, saa tano usiku, mtu na tochi ya betri mbili, nitamkagua popo makalio?

#5 BintiWete
Mie mzaliwa wa Wete. Uliyoyaeleza kuhusu rangi ni yeye mtupu. Kichwa na kifua kama kutu, bawa jeusi, na hana papara. Hawa popo wadogo ukiwamulika wanakurupuka, yule wa kwetu anakutazama kama unamdai yeye.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa hatuwaoni ovyo. Wazee walikuwa wakiwala, na bunduki zilipoingia ndio wakamalizika. Waliosalimika sana ni wale waliokuwa wakilala kwenye miti ya makaburini, maana huko nani atapiga bunduki? Mpaka ikafika wakahofiwa wamebaki mia chache, na mwaka 1996 wakatiwa kwenye daraja la walio karibu kutoweka duniani. Halafu vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, Kidike ikawa mahala pa wageni, na hesabu za baadaye zikapita elfu ishirini.

Sasa fikirini. Kisiwa ni kilekile, mashelisheli ni yaleyale, popo wameongezeka mara nyingi. Si ajabu wengine wakatoka kutafuta maisha. Wapemba wenyewe tumejaa Tanga na Kariakoo, itakuwa popo?

#6 Popote_Nipo
BintiWete umemaliza. Popo kafungua duka la vitambaa Barabara ya 12.

Halafu wazee walituachia kitendawili: popo mbili zavuka mto. Jibu macho. Huyu ni popo mmoja kavuka bahari, jibu ni macho ya mleta mada.

#7 ngalawa_ya_babu
Naongea kama mtu wa bahari.

Pemba na bara ni kilomita 50 hivi pale palipo karibu. Kwenda Pangani ni mbali kidogo, tuseme 70. Sasa hivi kaskazi imeshika. Mtu akitoka pwani ya magharibi ya Pemba na kaskazi mgongoni anasukumwa kusini-magharibi, na kusini-magharibi ya Pemba ni Pangani na vitongoji vyake. Sisi kwa tanga tu tunafika. Mwenye mabawa yake mwenyewe atashindwa?

Tena si lazima aruke. Kuna mwaka tulitoka Wete usiku na shehena ya ndimu na mashelisheli. Alfajiri, Tanga inaonekana kwa mbali, kijana akanyoosha kidole juu: popo kajining'iniza kwenye foromali, ule mti unaoshika tanga, amejifunika mabawa, kalala. Alikuwa mkubwa. Tulipotua tanga akaruka akaelekea nchi kavu. Hatukufikiria kama ni habari, tulifikiria ndimu.

#8 Kijana_wa_Sahare
Mnasahau Hidaya. Mei 2024 kimbunga kilipiga Mafia na pwani yote ikachafuka. Ndege wa baharini walionekana sehemu zisizo zao. Popo kasombwa na upepo, mchezo umeisha.

#9 ngalawa_ya_babu
Kijana, kimbunga huku kusini mwa ikweta kinazunguka kama mshale wa saa. Chora duara kwenye karatasi, weka Mafia katikati. Pemba iko kaskazini yake. Upepo wa upande wa kaskazini wa hilo duara unatoka bara kwenda baharini. Popo wa Pemba kama alisombwa siku ile, mtafuteni Shelisheli, si Pangani.

Na ilikuwa Mei. Sasa ni Desemba. Miezi yote hiyo alikuwa lojingi gani?

#10 MtuWaKilindoni
Nahodha hesabu yako ni sawa kwa Pemba, lakini umeruka kitu. Mafia nako tuna popo wa ukoo huohuo.

Si yule wa Pemba. Ni wale wa Komoro, ndio walewale wa Ngazidja na Mayotte. Wako Chole, kile kisiwa kidogo mbele ya Utende, wanalala mtini mchana kweupe kama miamvuli iliyofungwa. Jioni wakitoka nimewaona wakipita juu ya maji, wanagusisha kifua baharini, wakirudi mtini wanajilamba. Wazee wanasema wanatafuta chumvi, wengine wanasema joto tu.

Sasa rudi kwenye duara lako. Kimbunga kikiwa bado mashariki ya Mafia, sisi tuko upande wa magharibi. Upande huo upepo unatoka kusini unakwenda kaskazini. Popo wa Chole angesukumwa kuelekea Dar na kupanda juu. Kwa hiyo mgeni wa Bweni anaweza akawa Mmafia.

#11 ngalawa_ya_babu
Hapo umenipata. Ila Mafia mpaka Pangani ni zaidi ya kilomita 250, na njiani kote kuna miembe. Kwa nini asishuke Bagamoyo?

#12 Popote_Nipo
Aliogopa foleni.

#13 VangaKwetu
Salamu kutoka Vanga, mpakani. Nyinyi mwabishana kwa kuwa hamjauliza watu wa huku. Pemba twaiona moto wake usiku kukiwa shwari. Marehemu babu alikuwa akituambia msimu wa maembe kuna popo wawili: popo wa huku na popo wa ng'ambo. Wa ng'ambo yuaja mmoja au wawili, yuala, yuaenda zake. Hakuna aliyemwandika kwa sababu hakuna aliyekuja na kalamu.

Mimi mwenyewe sijamuona, nisidanganye.

#14 Daktari_wa_Mende
VangaKwetu, hilo la mwisho umelisema kiungwana, lingeandikwa na kila mtu hapa tungefika mbali.

Tuelewane. Sisemi hawezi kuvuka. Popo wa ukoo huu husafiri makumi ya kilomita kwa usiku mmoja kutafuta chakula, na mababu zao walitoka upande wa Asia wakarukia visiwa mpaka wakafika huku. Mkondo wa Pemba kwao ni kama kuvuka barabara. Ndiyo maana mimi swali linalonikosesha usingizi ni kinyume cha la mleta mada: kama kuvuka ni rahisi hivyo, kwa nini hawakuhamia bara miaka yote hii? Hata Unguja hawapo, na Unguja inaonekana ukiwa kusini ya Pemba siku ya anga safi.

Maelezo ninayoyapenda ni adui. Pemba imezungukwa na kina kirefu, mamia ya mita, haikuungana na bara hata zama za barafu bahari iliposhuka kwa mita 120 hivi. Unguja ilikuwa nchi kavu, ndiyo maana kulikuwa na chui. Popo huyu analala wazi juu ya mti mchana kutwa. Bara kuna chui, nyani, tai, chatu. Hatoboi.

#15 Mswahili_Pune
Daktari, nasoma India mwaka wa tatu. Hapa nilipo barabarani kuna miti imejaa Pteropus wa kihindi, wakubwa kama wa Pemba, mchana, juu ya vichwa vya watu, bajaji zinapiga honi chini. Na India kuna chui, nyani na chatu wa kumwaga. Hiyo nadharia yako itafute mlango wa nyuma.

#16 Daktari_wa_Mende
Ha ha. Haya, nimepokea. Basi ni ushindani: bara yupo Eidolon kwa mamilioni, mgeni akija anakuta meza imejaa. Kasanka pale Zambia, kila Oktoba hadi Desemba, wanakusanyika kwenye kipande kidogo cha msitu na makadirio yanafika milioni 8 hadi 10.

#17 Mswahili_Pune
Madagaska wana Pteropus na wana Eidolon wao, wanaishi nchi moja. Nakutania tu, endelea.

#18 Daktari_wa_Mende
Nitarudi.

#19 Mama_Kasulu
Mimi popo siwapendi lakini uzi umenishika. Daktari, hao wa Zambia wanatoka wapi? Hapa Dar kuna miti iliyokuwa imejaa, ghafla wiki moja hamna hata mmoja.

#20 Daktari_wa_Mende
Wanatoka Kongo na kwingineko, wengine wamefungwa vifaa vya setilaiti wakaonekana wamekwenda zaidi ya kilomita elfu moja. Uchunguzi wa vinasaba uliotoka 2013 ulionyesha wa bara zima wamechanganyika kama jamii moja. Ndio wanaobeba mbegu za mvule mbali na mama yake. Hawa hata kuonekana nje ya eneo lao ni kawaida, Afrika Kusini hutokea mmojammoja, amepotea au anatafuta.

Na ndiyo sababu nyingine ya kusema wa Bweni ni huyohuyo. Ukisikia mlango unagongwa, anza na jirani.

#21 Msukuma_Adelaide
Huku Australia jambo hili limetokea tunaangalia. Popo wenye kichwa cha kijivu, ukoo uleule wa Pteropus, kwao ni mashariki kule juu. Melbourne walianza kukaa miaka ya 1980, hapa Adelaide hawakuwepo kabisa mpaka 2010, sasa wana koloni lao bustanini katikati ya jiji. Ukiuliza kwa nini, mmoja anasema njaa, mwingine ukame, mwingine anasema miji imepandwa miti ya maua mwaka mzima na ina joto. Wakati huohuo joto likipita digrii 42 wanadondoka wamekufa chini ya miti. Sijui wamekuja kufuata nini, na mimi nilikuja kufuata nini.

#22 MkaaUghaibuni
Nyie mnashangaa wa kilo nusu. Mwaka 2021 kijiji kimoja Urusi, jimbo la Pskov, walimkuta popo mdogo, uzito gramu 8 hivi, kakamatwa na paka. Bawani ana kipete kimeandikwa London. Alivishwa huko 2016. Umbali kilomita 2,018. Bila kile kipete nani angeamini? Mleta mada angeambiwa simu ilikuwa kwenye chaji.

#23 NesiMstaafu
Naomba nichafue hewa kidogo. Popo asishikwe kwa mkono mtupu, na tunda lililotafunwa na popo mtoto asilipewe. Tumeona Marburg Kagera 2023 na tena mwanzoni mwa 2025.

#24 Daktari_wa_Mende
Shikamoo nesi. Ushauri sahihi. Nyongeza tu ili watu wasianze kukata miti: kirusi cha Marburg kinahusishwa na popo wa mapangoni, Rousettus, tofauti na hawa wawili tunaowabishania. Kuvamia mapango au kufukuza koloni kunawatawanya tu.

#25 Kijana_wa_Sahare
Nimerudi na nadharia mpya, Hidaya nimeiacha. Mtu kamleta. Pemba kwenyewe kuna kima punju Ngezi ambao si wa huko, walipelekwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Kama kima kapandishwa boti, popo atashindwa nini? Mtu kamfuga, kamchoka, kamwachia. Tenerife kule kisiwa cha Hispania popo wa matunda wa Afrika walitoroka kifungoni wakaanza kuishi mitaani.

#26 BintiWete
Hilo la kufuga sikatai, vijana wa siku hizi watafuga hata kobe wa jirani.

Lakini Mpangani74, kuna kitu kimenikaa tangu juzi. Hiyo khanga ya mama ilianikwa vipi? Wanaume mnasema "khanga ilikuwa kwenye kamba" kana kwamba khanga ina namna moja ya kuanikwa. Imetandazwa urefu wote, imeshikwa vibanio pembeni? Au imekunjwa katikati ikatupiwa juu ya kamba?

#27 Mpangani74
Dah. Imekunjwa nadhani. Kamba yetu fupi, mama huwa anakunja mara moja kwa urefu ili nguo zote zienee.

#28 Daktari_wa_Mende
WAKUU. Khanga moja ni mita moja na nusu hivi kwa urefu. Kunja nusu: sentimita 75. Rudini #3 msome niliandika ngapi. Sisemi kitu, naweka maji jikoni ninywe chai.

#29 Popote_Nipo
Uzi ufungwe. Popobawa kaumbuliwa na hesabu za darasa la tatu.

#30 ngalawa_ya_babu
Popo wangu wa kwenye foromali mbona hamumpimi?

#31 MtuWaKilindoni
Daktari usishangilie mapema. Rangi ya kutu mwili mzima na utulivu ule bado hujajibu. Mleta mada, chini ya mkungu kulibaki makapi? Yale mabonge makavu wanayotafuna na kutema. Mate yakiwa bado mabichi wataalamu wanaweza kutoa vinasaba. Weka kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, yataoza.

#32 Mpangani74
Yalikuwepo, makubwa, nusu kiganja. Uani kwetu unafagiwa kila alfajiri. Yameshachomwa na majani.

Ila subirini. Nimetoka kumuuliza mama kuhusu khanga, nikamsomea mpaka hesabu ya Daktari. Kacheka. Anasema siku ile hakuanika khanga moja. Ilikuwa doti mpya aliyoletewa na dada kutoka Tanga, ameitia maji kuondoa wanga, bado haijakatwa wala kupindwa. Ndiyo aliyoikunja.

#33 BintiWete
Doti nzima ni mita tatu. Kaikunja nusu, ni mita moja na nusu. Huyo ni wa kwetu. Mrudisheni.

#34 Daktari_wa_Mende
Chai imenipalia.

Mkuu, muulize mama: alikunja mara moja au mara mbili?

#35 Mpangani74
Kalala. Na bati limeanza kugonga sasa hivi. Natoka, safari hii simu ina asilimia 40.